Tuta la Kendrell

Ernestine Crowell alikuwa na maneno manne aliyomwambia kila aliyekuja kupanda mti pale kiwanjani, na aliyasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kuyarudia: "Mti si maiti. Usiuzike." Halafu aliwaonyesha kwa kidole pale shina linapopanuka kukutana na mizizi, akawaambia pale pabaki juu, paone jua, papigwe na upepo. Aliitumikia idara ya miti ya mji kwa miaka ishirini na saba, mwanamke wa kwanza kupanda ngazi na msumeno katika kikosi chake, na alikuwa ameiona miti mingi ikifa polepole kwa sababu mtu mwema aliirundikia udongo shingoni. Kwa hiyo watu walimsikiliza. Walimwita Bi Ernestine, hata wale vijana ambao hawakuwa na desturi ya kumwita mtu yeyote bi.

Kiwanja chenyewe kilikuwa upande wa kaskazini wa St. Louis, mahali palipokuwa na nyumba sita za matofali kabla hazijabomolewa pakaachwa nyasi. Sasa palikuwa na miti thelathini na mmoja. Kila mti ulikuwa na kijiwe bapa chini yake, na kwenye kijiwe jina la mtu mweusi wa mtaa ule aliyeuawa. Wengine waliuawa na askari, wengine na wenzao wenyewe, na mwanzoni kanisani palizuka ubishi mkali kama hawa wa pili nao wanastahili mti. Ernestine ndiye aliyeumaliza. Alisema yeye kazi yake ni kuchimba mashimo, na shimo halina maswali.

Leo ilikuwa Jumatatu ya wiki ya mwisho ya Aprili, siku tano kabla ya Siku ya Majina, marehemu wote wa kiwanja wanapotajwa kila mwaka, na Ernestine alikuwa amesimama mbele ya mwaloni wa Kendrell Tibbs, akijua kabisa ni kitu gani kinauua.

Miti mingine yote ilikuwa imechipua. Huu ulikuwa umechipua upande mmoja tu, vijani vidogo vya rangi ya njano, na upande wa pili matawi yalikuwa makavu kama miiba ya samaki aliyekwisha kuliwa. Chini yake palikuwa na tuta. Lilikuwa tuta la udongo mwekundu, lililopigwapigwa mpaka likalainika, limefika karibu na goti na kulizunguka shina pande zote. Juu yake palipangwa sahani nyeupe iliyovunjika, kikombe cha bluu kilichowekwa kifudifudi, makombe matano ya baharini, na saa ya mkononi iliyosimamishwa saa nne na dakika kumi na mbili. Hapakuwa na gugu hata moja. Tuta lilikuwa likifagiliwa kila wiki.

Mti hauwekewi tuta la namna ile. Lile lilikuwa kaburi, tena kaburi zuri.

Kendrell alikuwa na miaka ishirini. Askari wa mji mmoja mdogo wa jirani alimsimamisha garini kwa sababu ya taa ya nyuma iliyoungua, akampiga risasi alipokuwa akinyoosha mkono kuchukua kitambulisho. Mama yake, Verlene Tibbs, mpishi wa shule, alimzika kwenye makaburi ya kisasa nje ya mji, yale yenye nyasi zilizonyooka, ambako alama ya kila mtu ni bamba la shaba lililolazwa chini ili mashine ya kukatia majani ipite bila kusumbuka. Tuta ni marufuku. Vyombo ni marufuku. Na kwa watu wa Verlene, ambao asili yao ni Mississippi, kaburi bapa ni kaburi la mtu asiye na kwao. Bibi yake alimfundisha tangu mdogo: marehemu hupandishiwa udongo, hufagiliwa, huwekewa kikombe alichonywea mara ya mwisho na saa iliyosimamishwa dakika aliyokata roho. Verlene aliomba ruhusa mara mbili. Mara mbili alinyimwa, kwa barua za upole sana.

Basi mwaka mmoja baada ya mti wa mwanawe kupandwa, Verlene alikuja kiwanjani na magunia manne ya udongo mwekundu aliouchimba kwenye uwanja wa bibi yake, safari ya saa saba kwa gari, akapiga magoti, akaanza kumpandishia. Ernestine alikuwepo. Alikuwa ameshika ndoo ya maji, na yale maneno manne yalikuwa tayari kwenye ulimi. Akamwona mwenzake akiupapasa ule udongo kwa viganja, taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale. Akafunga mdomo. Alijiambia, mwache, mwaka huu tu. Mwaka uliofuata Verlene aliongeza magunia matatu.

Walikuwa marafiki tangu wakiwa wasichana wa kwaya, na hapo ndipo aibu ilipokuwa. Mgeni angemwambia.

Verlene alifika saa tisa na nusu, bado amevaa aproni ya shule na wavu wa nywele kichwani. Hakusalimu. Aliyatazama matawi makavu moja baada ya jingine.

"Wiki iliyopita nilisema ni baridi," alisema. "Nikasema umechelewa tu, kama mwenyewe alivyokuwa anachelewa kuamka. Erne, hii si baridi."

"Si baridi," Ernestine alikubali.

"Miti yote imetoa majani. Kasoro wa mwanangu. Mbona wa mwanangu tu?"

Walikuwa wawili peke yao. Mtu asingepata nafasi nzuri kuliko ile hata angeiomba. Kabla Ernestine hajapata pa kuanzia, Verlene alikuwa ameshageuka kuitazama nyumba ya kona, ng'ambo ya uzio wa waya. Barazani pale alikaa mzee mmoja akisoma gazeti.

"Ni yule," Verlene alisema.

"Yupi?"

"Usijitie hamnazo. Maddox. Watu wamemwona na mtungi mgongoni anapulizia dawa kwenye uzio. Hapo hapo! Hata hatua kumi hazifiki."

Roscoe Maddox alikuwa mweusi kama wao, mtoto wa mtaa uleule, lakini alivaa sare ya polisi kwa miaka thelathini, na mtaani kwao sare haivuliwi kwa kustaafu. Alipouawa Kendrell, mwandishi mmoja wa habari alimwuliza maoni yake, naye akasema tusubiri uchunguzi. Uchunguzi ulikuja ukasema askari hakuwa na kosa. Tangu siku ile hakuna aliyemkaribisha Maddox kwenye mlo wa samaki wa Ijumaa mtaani.

"Waliniulia mtoto, sasa wananiulia na mti," Verlene alisema. Hakulia. Kulia alikwisha kulia kwa miaka minne. "Wewe ndo unajua miti, Erne. Dawa ya magugu inaweza kufanya hivi?"

Swali lile lilikuwa na jibu. Dawa ya magugu ingekunja majani yote ya upande wa uzio, na ingeziua kwanza nyasi za chini. Na nyasi zilikuwa kijani kibichi, nene, mpaka kwenye ukingo wa tuta. Ernestine aliyaona hayo kama anavyoyaona maandishi. Akautazama uso wa rafiki yake, ulivyokuwa umejikaza kusubiri jina la mtu wa kumlaumu.

"Huenda," akasema.

Ni neno moja tu. Wapo waliosema uongo mrefu kuliko huo na wakalala usingizi mzuri.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kufika Jumanne jioni saluni nzima ilijua kwamba Maddox kautilia sumu mti wa Kendrell. Jumatano, kwenye mazoezi ya kwaya, habari ilikuwa imenenepa: Bi Ernestine mwenyewe, mtaalamu, kapima udongo na kathibitisha.

"Mimi sijapima kitu," Ernestine alimwambia dada aliyekaa naye benchi moja. "Nilisema huenda."

Yule dada akampigapiga goti. "Tunakuelewa, Bi Ernestine. Wewe siku zote si mtu wa makuu."

Yaani hata akikana, wanamwongezea sifa. Aliimba wimbo mzima bila kusikia sauti yake mwenyewe.

Alhamisi asubuhi dirisha la mbele la Maddox lilikutwa limevunjwa.

Mchana wa siku hiyo Ernestine alikuwa kiwanjani akichimba mashimo matatu ya miti mipya, maana mwaka ule mtaa ulikuwa umepata majina matatu mapya. Maddox akaja mpaka kwenye uzio, akasimama upande wake. Alikuwa mrefu bado, ingawa mabega yalikwisha kukubali umri.

"Bi Crowell."

"Bwana Maddox."

"Jiwe limetua kwenye kiti ninachokalia kila siku. Bahati nilikuwa msalani. Uzee nao una faida zake."

"Pole."

"Pole yako weka, sijaja kuichukua." Aliinua mtungi wa plastiki auone. "Hii ndo dawa yangu. Kuna mtambaazi unaowasha, umeota huku kwangu, naupulizia. Unajua kusoma karatasi yake. Na unajua haikuua ule mti."

Ernestine alichomeka sepetu ardhini. "Najua."

"Najua kwamba unajua. Nilikuona." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma Ernestine. "Mwaka juzi nilikuwa pale barazani. Yule mama anamwaga udongo, wewe umesimama na ndoo, mdomo ukaufungua hivi, ukaufunga. Nikasema, huyu mwanamke ana jambo. Mwaka jana nikakusikia unawafokea watoto wa kanisa: mti si maiti, mti si maiti! Huku wa Kendrell umeupa mgongo."

"Sasa mbona wewe hukumwambia?"

Maddox alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Mimi? Niende kwa yule mama, na hiyo historia yangu, nimwambie, bibi, unaua mti wa mwanao?" Akatikisa kichwa. "Nimeitwa mengi mtaa huu, na mengine nimeyatafuta mwenyewe. Ile 'tusubiri' naila mpaka leo, na haiishi mdomoni. Lakini hili si langu. Jumamosi watakuja kwangu, nimesikia. Na mimi siondoki. Ni nyumba ya mama yangu ile. Haya, kazi kwako."

Akarudi ndani. Kwenye dirisha alikuwa ameweka kipande cha boksi na kukibandika kwa gundi ya karatasi, kwa unadhifu, kingo zimenyooka. Ernestine alimchukia kwa sababu alikuwa amesema kweli. Afadhali angemtukana, angalau naye angepata la kujibu. Mficha maradhi kifo humuumbua, alikuwa akisema mama yake, na Ernestine siku zote alidhani msemo ule ni wa watu wanaoogopa hospitali.

Ijumaa alikwenda kwa Verlene. Jikoni mlinukia viazi vitamu na mdalasini. Pai saba zilikuwa zikipoa mezani na ya nane ilikuwa bado mikononi mwa mpishi. Tavaris, mtoto wa mdogo wake Verlene, alikuwa ameegemea friji akitafuna makombo ya ukoko. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Yeye na Kendrell walilala kitanda kimoja mpaka walipokuwa warefu kuliko kitanda.

"Bi Ernestine! Mwalimu wetu," Tavaris alisema. "Kesho tumeshaipanga. Majina yakisomwa, Kendrell anakuwa wa mwisho. Mama mkubwa anashika kipaza sauti, anamtaja mtu. Halafu sisi tunakwenda kumsalimia mzee."

"Mtamsalimia kwa mawe?"

Tavaris aliacha kutafuna. "Mimi habari za jiwe sizijui."

"Nani kakuuliza unajua nini? Hebu toka nje kidogo, mwanangu. Nataka kusema na mama yako mkubwa."

Alitoka akiburuta miguu, na mlango hakuufunga vizuri. Ernestine hakukaa. Alijua akikaa atapewa chai, na akipewa chai atashindwa.

"Verlene, ni udongo."

"Udongo gani?"

"Wa lile tuta. Mti unapumulia pale shina linapoingia ardhini. Ukipafunika, gome linaoza. Mizizi nayo inapanda juu kutafuta hewa, inalizunguka shina, inalikaba. Inachukua kama miaka miwili hivi. Maddox hajafanya kitu. Ni tuta."

Verlene aliendelea kubana kingo za pai kwa uma. Alizunguka sahani yote, mpaka akarudi pale alipoanzia.

"Umelijua hilo lini?"

Ernestine angeweza kusema Jumatatu. Ingekuwa kweli kidogo. "Siku ya kwanza," akasema.

"Siku ya kwanza. Nikiwa nimepiga magoti pale."

"Ndiyo."

"Na mwaka jana ulinishikia gunia, Erne. Ulishika mdomo wa gunia nikamwaga."

"Nilishika."

"Na Jumatatu nikakuuliza, wewe ndo unajua miti. Ukanijibu nini?"

"Huenda."

Verlene aliweka uma chini. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. "Ulikuwa unanihurumia," alisema, na kwa sauti yake ungedhani ni tusi kubwa kuliko yote aliyopata kusikia. "Mtaa mzima unanihurumia. Wananiletea kuku. Wananiachia nafasi mbele kanisani. Nikisema upuuzi wanaitikia amina. Wewe peke yako nilidhani unaniona mtu mzima."

"Nilishindwa tu, shoga. Nilikuona ulivyokuwa unaupapasa, nikashindwa."

"Toka jikoni kwangu."

"Lakini kesho..."

"Kesho nitasema nitakalosema. Toka, Ernestine."

Alikuwa hajamwita kwa jina lake kamili tangu walipogombana kwa ajili ya mvulana mmoja, miaka arobaini na mitano iliyopita. Ernestine alipita mlangoni, akampita Tavaris aliyekuwa amesikia nusu na hakuwa na hakika ni nusu ipi.

Jumamosi jua lilitoka vizuri. Walikuja watu kama mia mbili, na meza za samaki wa kukaanga, tambi na saladi ya viazi, na picha za marehemu zimechapwa kwenye fulana. Miti mitatu mipya ilipandwa kwanza. Familia tatu zilisimama kila moja kwenye shimo lake, zikimsubiri Ernestine awaambie yale maneno, kwa kuwa kila mtu aliyajua na wengine walikwisha kuyachapa kwenye mifuko. Hayakutoka. Aliinama, akawaonyesha kwa kidole pale pa kubaki wazi, akaenda kwenye shimo la pili.

Kisha majina. Kila jina likisomwa watu walijibu "Yupo," na mtu wa familia akamwaga maji kidogo chini. Majina thelathini na matatu yalipita hivyo. Wakati wote ule Roscoe Maddox alikuwa amekaa barazani kwake, amevaa suti na kofia kama mtu anayekwenda ibadani, mikono juu ya magoti. Tavaris na vijana wenzake sita walisogea polepole mpaka kwenye uzio. Ernestine alijaribu kuonana macho na Verlene, lakini Verlene, ndani ya gauni lake jeupe, alitazama kila mahali isipokuwa alipo yeye.

"Kendrell James Tibbs," Verlene alisema kwenye kipaza sauti.

"Yupo."

Akamwaga maji. "Mti wa mwanangu unakufa. Wote mmeuona. Na wote mnajua nani anauua, maana nimewaambia mwenyewe wiki nzima."

"Sema, dada," mtu alisema nyuma. Tavaris aliweka mkono kwenye waya wa uzio.

"Ila mimi ni mpishi," Verlene aliendelea. "Anayejua miti ni Bi Ernestine. Yeye atawaambia." Akamnyooshea kipaza sauti, bado hamtazami.

Njia ya kutokea ilikuwepo, na Ernestine aliiona wazi. Angesema ni ukungu, ugonjwa wa mialoni, unatokea. Maddox angepona, Verlene angefichiwa aibu, na yeye angebaki Bi Ernestine mpaka siku ya kuzikwa. Hakuna ambaye angembishia, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa anajua. Ila Verlene angejua, na safari hii angekuwa amesimama pale akisikia.

"Bwana Maddox hajaugusa mti huu," alisema. Sauti yake ilitoka kwenye spika ikiwa ngeni. "Mti unakufa kwa udongo, umejaa shingoni. Niliuona siku ulipowekwa, nikajua utaua, nikanyamaza. Mwaka jana nikasaidia kuuongeza. Jumatatu nikaulizwa, nikasema huenda, na kwa hiyo huenda yangu dirisha la mtu limevunjwa. Miaka yote hii nawafokea ninyi, na hapa nilifunga mdomo. Tafuteni mwingine wa kuwafundisha."

Hakuna aliyeitikia amina. Mwanamke mmoja wa mbele, ambaye mumewe alikuwa na mti safu ya tatu, alimtazama kwa muda mrefu kisha akageuka kwenda kuukagua mti wake, na wengine wakamfuata, kila mtu kwa wake. Hilo lilimwuma Ernestine kuliko kuzomewa.

"Hajasema nani aliuweka," Verlene alisema. Hakuwa na kipaza sauti lakini alisikika. "Niliuweka mimi. Ni udongo wa bibi yangu. Na aliyemtaja mzee wa watu ni mimi." Akapiga magoti na gauni lake jeupe, akaanza kuondoa vitu juu ya tuta, sahani kwanza, kisha kikombe.

Ernestine alipiga magoti upande wa pili. Hakuombwa, wala hakufukuzwa. Walichimbua kwa mikono ili wasilijeruhi shina. Udongo ulikuwa umeshikamana, na chini zaidi ulikuwa na unyevu na harufu ya viazi vilivyosahauliwa kabatini. Gome lilipoonekana lilikuwa jeusi na laini. Lilibanduka kwa kidole. Mizizi miwili yenye unene wa dole gumba ilikuwa imelizunguka shina. Ernestine alitoa patasi mfukoni akaikata, mmoja, na wa pili, kisha akapapasa mzunguko wote taratibu kutafuta palipo hai.

"Utapona?" Verlene aliuliza.

Watu waliobaki walikuwa wanasikiliza. Ernestine alitamani kusema ndiyo kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote mwaka ule.

"Sidhani," akasema. "Zaidi ya nusu imeoza. Ukivuka kiangazi nitafurahi, lakini sidhani."

Verlene aliilaza mikono mitupu mapajani. Halafu, bila kugeuka, akaita. "Tavaris. Nenda ukabishe kwa yule mzee."

"Mama mkubwa..."

"Nenda. Jiwe unalijua au hulijui, nenda."

Maddox alikuwa ameshaingia ndani. Tavaris alipanda ngazi za baraza, akabisha, akasubiri, akabisha tena. Kutoka nyuma ya lile boksi sauti ikasema, "Nimekusikia, kijana. Nenda nyumbani." Tavaris alibaki amesimama pale, hajui kama ameruhusiwa kuondoka.

Mzee mmoja wa kwaya alishauri udongo ule mwekundu utawanywe chini ya miti mingine yote, kama baraka. Lilikuwa wazo zuri na lilisemwa kwa upendo.

"Usiguswe," Verlene alisema. Kisha akamsemesha Ernestine, ingawa macho yalikuwa kwenye pikapu ya Ernestine iliyoegeshwa kando ya barabara. "Hilo gari lako lina mafuta?"

"Linayo."

Udongo ulijaza toroli sita, wakaupakia garini. Waliendesha mpaka nje ya mji. Verlene alipakata kikombe, sahani na makombe kwenye gauni lililokuwa limegeuka jekundu magotini, na ile saa aliivaa mkononi ili isipotee. Makaburini, ofisi hufungwa Jumamosi mchana, na kwenye zile nyasi zilizonyooka hapakuwa na mtu ila mume na mke wakongwe waliokuja na maua, ambao waliwatazama wanawake wawili wakishusha udongo kwa makoleo, kisha wakaendelea kupanga maua yao.

Bamba la shaba waliliacha wazi kichwani. Kuanzia hapo kushuka walimpandishia Kendrell. Verlene alitengeneza kwa mikono, akapiga kwa viganja, akalainisha, na Ernestine alimletea udongo kila alipohitaji, pasipo kuambiwa.

"Jumanne wanakuja na mashine yao," Verlene alisema.

"Watausawazisha."

"Wausawazishe. Jumatano utakuja na gari."

"Nitakuja."

Verlene alipanga sahani. Aliweka kikombe kifudifudi, akayapanga makombe, akaivua saa na kuilaza katikati. Alirudi nyuma hatua mbili. Ndipo akamtazama Ernestine machoni, mara ya kwanza tangu jikoni.

"Liko sawa?"

Ernestine alifungua mdomo kusema liko sawa. Lilikuwa zuri, jioni ilikuwa inakaribia, na mgongo ulikuwa unawauma wote wawili.

"Upande wa miguu umepungua," akasema. "Mvua ya kwanza tu itaubomoa."

Verlene aliutazama upande wa miguu. Kisha akaokota koleo, akampa.